Wakala mpya wa mafao hupimwa siku ya malipo

Katika toleo lililopita tuliandika kwamba serikali inapounda wakala mpya wa kulipa mafao ya hifadhi ya jamii, kazi ngumu kuliko zote ni kuhakikisha kwamba aliyekuwa akilipwa jana atalipwa na kesho, bila kukosa hata mwezi mmoja. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Nimechagua saba zinazogusa mambo ambayo wengi mmeyauliza, nikazifupisha pale palipolazimu. Majina ya walioandika nimeyaacha kwa sababu baadhi yao bado wana madai ofisini.

Swali: Mimi ni mlipakodi wa kawaida. Kila ninaposikia kwamba wakala mpya unaanzishwa, najua kuna mkurugenzi mkuu mpya, bodi mpya na magari mapya. Wizara ya ustawi wa jamii ipo. Kwa nini isilipe yenyewe?

Jibu: Wasiwasi wako ni wa haki, ndugu yangu, na serikali isiyoweza kuujibu haifai kuunda chombo hicho. Hata hivyo kulipa mafao ni kazi ya aina yake. Wizara hutunga sera, huandaa bajeti na hujibu maswali bungeni, ilhali malipo yanahitaji watu wanaoamka kila siku na jambo moja tu kichwani, yaani nani anadai, anadai kiasi gani, na fedha yake imemfikia au bado. Kazi hizo mbili zikikaa chini ya paa moja, ile ya bungeni huimeza ile ya dirishani, kwa kuwa waziri ana watu wengi wa kumwuliza habari za sera, lakini bibi aliyecheleweshewa ruzuku yake hana wa kumwulizia.

Wakati mwingine sababu ni usawa. Nchini Afrika Kusini ruzuku za wazee, za watu wenye ulemavu na za watoto zilikuwa zikiendeshwa na majimbo tisa, kila moja kwa utaratibu wake, hivyo watu wawili wenye shida ile ile waliweza kuhudumiwa kwa namna mbili tofauti kwa sababu tu ya mpaka uliopita kati yao. Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 iliunda wakala mmoja wa taifa, SASSA, ambao ulianza kazi Aprili 2006. Kwingineko sababu ni mamlaka kuhama: Sheria ya Uskoti ya mwaka 2016 iliipa serikali ya huko madaraka juu ya baadhi ya mafao yaliyokuwa yakiendeshwa na serikali ya Uingereza, na madaraka hayo yalihitaji mkono wa kuyatekeleza. Sababu za namna hiyo naziheshimu. Nisichokiheshimu ni kubadilisha kibao cha mlangoni huku watumishi, mafaili na foleni vikibaki vile vile.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasomea utawala wa umma na nimepewa kazi ya kueleza hatua za kuanzisha wakala wa mafao. Vitabu vinaanza na muundo wa uongozi na makao makuu. Je, ndipo pa kuanzia?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Mimi ningeanza na sheria, kisha orodha ya wanaolipwa, kisha njia itakayopitisha fedha, na majengo ningeyaacha yaje baadaye. Nitakueleza kwa mfano wa Uskoti, kwa sababu kati ya mifano ninayoifahamu huo ndio uliofikiriwa kwa utulivu zaidi, ingawa nao una lawama zake.

Bunge la Uskoti lilipitisha sheria yake ya hifadhi ya jamii mwaka 2018, na kifungu chake cha kwanza hakitaji ofisi wala viwango vya malipo. Kinataja misingi, ukiwemo unaotamka kwamba hifadhi ya jamii ni haki ya binadamu na unaotaka utu wa kila mtu uheshimiwe. Wapo wanaoona maneno ya namna hiyo ni mapambo, lakini mimi naona yana kazi, kwa kuwa afisa anayeandika utaratibu wa kumtathmini mtu mwenye ulemavu anapata kitu cha kuupimia utaratibu wake, na mwananchi anapata mahali pa kushika anapodhulumiwa. Tena kabla sheria haijapitishwa, serikali iliwaita watu waliokwisha kupita katika mfumo wa zamani wasaidie kuunda mpya, na mwaka 2017 zaidi ya watu 2,400 walijitolea. Hao ndio waliokuwa wakiulizwa barua ziandikweje, fomu zipangweje na mtu angependa kupokewaje anapopiga simu.

Wakala wenyewe, Social Security Scotland, ulianza tarehe 1 Septemba 2018, makao yake yakiwa Dundee. Sasa tazama ulianza na nini. Malipo yake ya kwanza, mwezi huo huo, yalikuwa nyongeza ya pauni 221 kwa watu wanaolea wagonjwa na wenye ulemavu, ambao tayari walikuwa wakipokea posho ya msingi kutoka idara ya serikali ya Uingereza. Hakuna aliyejaza fomu: wakala ulipokea orodha ya wanaostahili, ukalipa. Posho ya msingi iliachwa mikononi mwa idara ile ile kwa makubaliano maalumu, na wakala haukuanza kuweka yake mahali pake hadi mwishoni mwa mwaka 2023. Malipo magumu, yanayohitaji tathmini ya hali ya mtu, yalikuja hatua kwa hatua. Yale ya watoto wenye ulemavu yalijaribiwa Julai 2021 katika maeneo matatu tu, ndipo Novemba yakafika nchi nzima; ya watu wazima yalianza vivyo hivyo Machi 2022 na kuenea Agosti mwaka huo.

Walioulalamikia mwendo huo hawakuwa wakorofi. Kila mwaka wa kungoja ulimaanisha kwamba kuna mtu aliyeendelea kutathminiwa kwa utaratibu ambao serikali yake yenyewe ilikuwa imeukataa hadharani, na hilo linauma. Lakini weka pembeni yake yaliyotokea Uingereza mwaka 2003, serikali ilipoanzisha kwa mpigo, nchi nzima, mfumo mpya wa kulipa ruzuku za familia kupitia mamlaka ya kodi. Kompyuta zililemewa, na laki kadhaa za familia zikacheleweshewa malipo katika miezi ya mwanzo. Mwaka wa kwanza ulipofungwa ikaonekana kwamba takriban pauni bilioni 2 zimelipwa kupita kiasi, kwa sehemu kubwa kwa kuwa malipo yalikadiriwa kwa mapato ya mwaka uliotangulia, na familia zikadaiwa zirudishe fedha zilizokwisha kuliwa na kulipia pango. Kati ya kuchelewa na kumdai maskini fedha aliyokwisha kula, mimi nachagua kuchelewa.

Kwa hiyo katika kazi yako andika hivi: wakala uanze na malipo rahisi kuliko yote uliyokabidhiwa, kwa watu wanaojulikana tayari, na usizime mfumo wa zamani hadi mpya uwe umelipa mizunguko kadhaa bila kasoro.

Swali: Mimi ni mjane. Jina la marehemu mume wangu limeandikwa kwa herufi «h» kwenye kadi ya uanachama na bila «h» kwenye hati ya kifo. Ofisi ya zamani ilinifahamu na ilinilipa bila shida. Tangu mafaili yahamishiwe ofisi mpya naambiwa mfumo haunitambui. Nimekwenda mara tano.

Jibu: Pole sana, mama, kwa msiba na kwa safari hizo tano. Kosa si lako. Mafaili yanapohamishwa kutoka ofisi moja kwenda nyingine, kinachohama ni kile kilichoandikwa tu. Yule karani aliyekuwa akikufahamu kwa sura, akijua kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, hakuhamishwa pamoja na faili lako. Kwa sababu hiyo kazi ya kusafisha taarifa inapaswa kufanyika kabla ya kuhama, na ifanywe na watumishi wale wale wa zamani wanaowajua watu wao, na kila tofauti ya namna hiyo iandikwe kwenye faili likiwa bado mezani pao.

Niliwahi kukaa kwenye dawati la madai kwa miaka kadhaa, na ninalolikumbuka zaidi ni siku tulipoletewa mashine za alama za vidole kwa ajili ya uhakiki. Alikuja mzee aliyevunja mawe maisha yake yote. Aliweka kidole, mashine ikakataa. Akakifuta kwenye shati, akaweka tena, ikakataa. Akajaribu cha pili, cha tatu, halafu akanyanyua mikono yote miwili mbele yangu, ncha za vidole zikiwa laini na zinang'aa kama kokoto ya mtoni, akaniuliza, «Sasa mwanangu, mimi si mimi?» Utaratibu wetu haukuwa na ukurasa wa mtu asiye na alama za vidole, na malipo yake yalisimama miezi miwili hadi ukurasa huo ulipoandikwa.

Najua kwamba wanufaika hewa wapo, na kwamba fedha wanazochota ni za watu kama wewe. Uhakiki ni wa lazima. Ninachokataa ni uhakiki unaosimamisha malipo kwanza na kuuliza baadaye, au unaoachiwa mashine iamue peke yake. Australia ilipoamua kusaka waliolipwa kupita kiasi kwa kulinganisha kwa kompyuta mapato ya mwaka yaliyogawanywa kwa wastani na malipo ya kila wiki mbili, iliwaandikia watu madeni yasiyokuwepo. Serikali ilikubali mbele ya mahakama mwaka 2019 kwamba hesabu hiyo haikuwa na msingi wa kisheria, mwaka uliofuata ikatangaza kurudisha fedha kwa madeni yapatayo 470,000, na mwaka 2023 tume ya uchunguzi ilitoa taarifa nzito juu ya mateso yaliyowapata watu hao.

Kwa upande wako, mama, apa mbele ya wakili au hakimu kwamba majina hayo mawili ni ya marehemu mume wako, upate hati ya kiapo. Iambatanishe na uthibitisho wa malipo ya zamani, hata kama ni karatasi moja ya benki, na uombe barua inayoonyesha kwamba ombi la kurekebisha jina limepokelewa. Omba pia kwa maandishi kwamba malimbikizo yalipwe tangu mwezi malipo yaliposimama. Hilo la mwisho usilisahau, kwa sababu ofisi nyingi hulipa kuanzia siku ya marekebisho zisipoulizwa.

Swali: Kuna ubaya gani wakala kuajiri kampuni binafsi ya kupeleka fedha kwa walengwa? Kampuni zina mtandao, kadi na mawakala kila kona.

Jibu: Hakuna ubaya katika kuajiri. Ubaya uko katika kumwachia mzabuni funguo zote za nyumba, na historia ya SASSA inalionyesha hilo.

Mwaka 2012 wakala huo uliipa kampuni ya Cash Paymaster Services mkataba wa miaka mitano wa kulipa ruzuku nchi nzima. Novemba 2013 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba zabuni hiyo ilitolewa kinyume cha sheria. Hata hivyo majaji hawakuweza kuuvunja mkataba siku hiyo, kwa kuwa kuuvunja kungemaanisha kwamba mamilioni ya watu hawalipwi, na kosa hilo halikuwa lao. Mkataba ukaachwa uendelee, na wakala ukaahidi kwamba muda wake ukiisha, 31 Machi 2017, utakuwa umejitayarisha kulipa wenyewe.

Tarehe ilipokaribia, wakala haukuwa tayari. Ruzuku zipatazo milioni 17 kwa mwezi zilikuwa hatarini, na tarehe 17 Machi 2017, wiki mbili tu kabla ya mwisho, Mahakama ililazimika kuongeza miezi 12 kwa mkataba ule ule ilioutangaza kuwa batili, baada ya shirika la kiraia la Black Sash kupeleka shauri. Mwaka 2018 Mahakama hiyo ilimwamuru waziri mhusika, Bathabile Dlamini, alipe asilimia 20 ya gharama za kesi kutoka mfukoni mwake. Malipo yakahamishiwa kwa shirika la posta mwaka huo huo.

Jambo la pili halikusemwa sana kama la kwanza, nami naliona ni baya zaidi. Walipwaji walilalamika kwa miaka kwamba ruzuku zao zinakatwa muda wa maongezi, umeme, mikopo na bima ya mazishi kabla hazijafika mkononi, na wengi walisema hawakuwahi kuidhinisha makato hayo. Anayemlipa maskini anajua siku na saa fedha yake inapoingia, na akiruhusiwa pia kumwuzia vitu, makato yataingia kabla ya fedha.

Ukiuliza basi mkataba uwe na nini, ningetaka manne. Orodha ya walipwaji ibaki mali ya wakala na iwe kwenye mitambo ya wakala. Kusiwe na mlipaji mmoja peke yake, ili mmoja akianguka mwingine ashike. Makato yapigwe marufuku isipokuwa yale yanayotajwa na sheria. Na maandalizi ya kukabidhiana yaanze siku mkataba unaposainiwa, yawe na tarehe zake na mtu anayewajibika kwa jina.

Swali: Je, wakala wa kisasa unahitaji ofisi za mikoani wakati kila mtu ana simu?

Jibu: Unazihitaji, kwa sababu si kila mtu ana simu, na mwenye simu hana muda wote chaji, macho ya kusoma maandishi madogo au ujasiri wa kueleza ugonjwa wake kwa mtambo. Mafao haya yanalipwa hasa kwa wale ambao simu imewaacha nyuma. Social Security Scotland iliweka watumishi katika maeneo yote 32 ya serikali za mitaa, wanaoweza kukutana na mtu ana kwa ana na hata kumfuata nyumbani kwake.

Swali: Mimi ni mtumishi wa umma niliyebakiza miaka michache nistaafu. Kuunganisha mifuko ya pensheni iliyopo si njia rahisi kuliko kuanza upya?

Jibu: Ni rahisi kwenye karatasi. Tanzania ilifanya hivyo kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 2018, iliyoiunganisha mifuko minne, PSPF, PPF, LAPF na GEPF, kuwa PSSSF, na mfuko mpya ukaanza kazi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Hoja ilikuwa nzuri: gharama za uendeshaji kupungua, na mtumishi kutohangaika anapohama kutoka taasisi moja kwenda nyingine. Lakini ofisi huungana kwa tangazo, wakati haki za watu haziungani hivyo. Kila mfuko ulikuja na taratibu zake, na wanachama walioahidiwa mambo tofauti kwa miaka. Kanuni mpya za kikokotoo, yaani hesabu inayopanga mafao ya mstaafu, zilipotoka, zikipunguza mkupuo anaolipwa mwanzoni kwa wengi waliokuwa wakitarajia nusu, kilio kilikuwa kikubwa kiasi kwamba Desemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza vikokotoo vya zamani viendelee kutumika hadi mwaka 2023.

Kwa maoni yangu kuunganisha mifuko na kubadilisha kikokotoo ni mambo mawili yasiyopaswa kufanywa kwa pamoja. Mtu aliyefanya kazi miaka 30 amekwisha kupanga nyumba, ada za watoto na matibabu kwa hesabu aliyopewa, na hesabu hiyo ikibadilishwa akiwa amebakiza miezi, hana muda wa kupanga upya. Wewe mwenyewe omba sasa taarifa ya michango yako mwezi kwa mwezi tangu siku ya kuajiriwa, na utafute miezi iliyokosekana ukiwa bado kazini, ambako mwajiri wako anapatikana.

Swali: Nimenyimwa posho ya ulemavu kwa barua ya mistari mitatu isiyotaja sababu. Nimeambiwa kwamba nikikata rufaa nitaanza upya na huenda nikapoteza hata kidogo nilichokuwa nikipata. Je, ni kweli?

Jibu: Inategemea sheria ya mahali ulipo, lakini hofu uliyotiwa inaonyesha jinsi wakala unavyoweza kuzima malalamiko bila kuyakataza. Kwa maoni yangu, sura ya rufaa ndiyo inayoonyesha kama waliotunga sheria walimkumbuka mtu atakayenyimwa.

Uskoti walilitatua hivi. Asiyeridhika anaweza kuutaka wakala uamue upya, na wakala unapofanya hivyo hauruhusiwi kukagua tu kama afisa wa kwanza alifuata taratibu. Unaliangalia ombi tangu mwanzo kana kwamba halijawahi kuamuliwa. Akiwa bado haridhiki, anakwenda kwenye baraza huru la rufaa. Na kuna kipengele ambacho natamani kila sheria ingekiiga: mtu anayepinga kupunguzwa au kusimamishwa kwa posho ya ulemavu aliyokuwa akiipata anaweza kuomba msaada wa muda unaolirudisha pato lake pale lilipokuwa hadi shauri liishe, na kwa kawaida hadaiwi kuurudisha hata akishindwa. Mwenye njaa hawezi kusubiri rufaa miezi sita, na bila msaada huo wenye haki wengi huacha madai yao njiani.

Wewe anza na barua. Andika kwamba unaomba sababu za uamuzi, kifungu cha sheria kilichotumika na nakala ya tathmini iliyofanywa juu yako, na uulize kwa maandishi siku ya mwisho ya kukata rufaa. Peleka nakala mbili, moja wabaki nayo, nyingine wakugongee mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kama kupanda ngazi za ofisi hiyo ni taabu kwako, mtume mtu unayemwamini akiwa na idhini uliyoisaini, lakini asirudi bila nakala yenye mhuri, kwa maana mtakapofika mbele ya baraza, muda wa rufaa yako utahesabiwa kwa tarehe zilizo kwenye karatasi.